Jiwe Lisilokubali Kutulia

Ujerumani,
9 Januari 2025

Kwa Baba mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwenye theluji. Nimepata barua yako ya Krismasi, kurasa nne, na picha za kurasa zilizopigwa pale saiba ya Pipeline, lile duka la intaneti, na kutumwa kwa baruapepe zimetoka vizuri. Usione haya kwamba hunisikii kwenye simu. Masikio yako yaliishia karakana ya reli ili mimi nisome, na isitoshe barua naweza kuirudia.

Umesema mzee mmoja kanisani alikuuliza ninasoma nini huku mwaka wa tatu sasa, ukamjibu "sumaku," akacheka. Wacha nikueleze vizuri ili akiuliza tena umjibu.

Nina jiwe dogo la kijani, kubwa kama punje ya mahindi. Tulilikuza wenyewe kwenye tanuri. Ndani yake kuna sumaku ndogo mno zisizoonekana, tunaziita spini, na kila spini inataka kuelekea kinyume na jirani yake. Zikiwa mbili hakuna shida: hii inatazama juu, ile chini. Lakini katika jiwe langu zimepangwa tatu tatu, pembe tatu. Mbili zikishapatana, ya tatu iende wapi? Ikiiridhisha hii, inaiudhi ile. Basi zote zimekwama kwenye mvutano usioisha.

Sumaku za kawaida ukizipoza zinajipanga na kutulia. Hizi hazijipangi. Kadiri zinavyopoa ndivyo zinavyogeuka polepole, kisha polepole zaidi. Kitu ambacho watu wanabishania ni hiki: je, mwishowe zinasimama, au sheria za kwanta, zile zinazotawala vitu vidogo kupita vyote, zinazifanya ziendelee kugeuka hata kwenye baridi kali kupita zote?

Nadhani nimepata jibu, Baba! Nilishuka mpaka sehemu ya ishirini ya digrii moja juu ya sifuri halisi, ile ambayo hakuna baridi chini yake. Kasi ya spini ilipungua, ikapungua, halafu ikafika mahali ikagoma kupungua. Mstari kwenye grafu umelala kama reli. Hazisimami. Zimechagua mwendo mmoja na zimeshikilia huo huo. Makala tumeituma kwenye jarida, na Juni nitaieleza mbele ya mkutano wa watu mia nne.

Nyumbani mko aje? Dada Lorine anakutembelea?

Binti yako,
Nerima


Kware,
19 Januari 2025

Mama,

Nakuita mama kwa sababu jina ulilobeba ni la mama yangu, na hata yeye hakuwa mtu wa kukubali jibu la haraka.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na yule mzee nimemweleza. Hakucheka tena, ingawa sidhani alielewa. Hongera sana. Ila nina swali, na usinikasirikie. Unasema ulishuka mpaka baridi fulani. Nani alikuambia? Mtambo. Je, jiwe lenyewe lilisema hivyo?

Nakuuliza kwa sababu mwaka wa 1994 nilipewa behewa nipime joto la beringi, pale ekseli ya magurudumu inapozungukia. Nikafunga kipimo juu ya kifuniko, kikaonyesha vuguvugu tu, nikatia sahihi liondoke. Kifuniko kilikuwa kinapigwa na upepo, mama. Ndani beringi ilikuwa inaiva. Ekseli ilikatika njiani na behewa likalala ubavu. Hakuna aliyeumia, lakini mkosaji nilikuwa mimi, na nilisema hivyo mbele ya wote. Kipimo hutoa habari za mahali kilipofungwa, basi.

Lorine huja akipata nafasi. Hapa kwetu ni sawa. Kuna ufa umetokea kwenye ngazi, kati ya orofa ya pili na ya tatu. Kiema, keateka wetu anayetunza jengo, aliupaka saruji Ijumaa. Leo umerudi. Nimeupima na kalipa, kile chuma changu cha kupimia cha kazini: milimita mbili nukta moja.

Baba yako,
Patrobas Wanyonyi


Ujerumani,
26 Januari 2025

Baba,

Asante kwa swali. Kipimajoto chetu kimefungwa kwenye shaba ambayo jiwe limebandikwa juu yake. Ndivyo kila mtu hufanya. Kawsar, mwenzangu anayeendesha mtambo wa kupoza, ana miaka kumi katika kazi hii na hajawahi kuulizwa hivyo. Si behewa, Baba.

Lakini huo ufa. Umeandika mistari mitatu kuhusu ufa kama mtu anayeandika kuhusu mvua. Ghorofa saba, nyumba kumi na mbili kila orofa, na wewe uko ya nne. Tafadhali hamia kwa dada Lorine Komarock wiki hii. Ana chumba. Usingoje.

Nerima


Komarock,
17 Februari 2025

Mama,

Sawa, nimekutii. Nimehamia kwa Lorine. Ndiyo hiyo Komarock uliyoitaka, iko juu ya karatasi.

Kwa hiyo usiwe na wasiwasi tena. Ila nakupa habari za kule, kwa kuwa Ooko wa orofa ya chini, yule anayefanya kazi kiwanda cha mabati, ananipimia ule ufa kila Jumapili. Tarehe 26 Januari ulikuwa mbili nukta mbili. Tarehe 2 Februari, mbili nukta mbili. Tarehe 9, mbili nukta nne. Jana, mbili nukta saba. Nimebandika kipande cha kioo chembamba juu yake, gundi pande zote mbili. Ukuta ukisonga, kioo kitapasuka.

Mwenye nyumba alileta mkaguzi wake. Alisimama kwenye ngazi kama dakika kumi. Akaugusa kwa kidole, akasema, Ooko akiniandikia kwenye daftari, "Huu ni ufa wa zamani. Nyumba imeshakaa. Imetulia." Nikamwonyesha namba zangu. Akaniambia, "Mzee, naangalia hapa, sioni kitu kikisonga." Watu wakacheka. Maneno hayo yananiuma mpaka leo. Wewe ambaye kazi yako ni vitu vinavyokwenda polepole, ungemjibu nini?

Baba


Ujerumani,
3 Machi 2025

Baba,

Kwanza nikuombe radhi. Nilikujibu kwa kiburi.

Swali lako la kipimo lilikataa kunitoka. Nilikuwa nikikaa kwenye mkutano wa maabara, mtu anazungumza, mimi naona behewa. Mwishowe nilimwomba Kawsar tufungue mtambo. Akaniambia, "Nerima, makala ishaenda. Unatafuta nini?" Nikamwambia natafuta kujua tu. Tulibandika kipimajoto cha pili, kidogo kama kichwa cha kiberiti, juu ya jiwe lenyewe. Tukapoza tena.

Shaba ilionyesha sehemu ya ishirini ya digrii. Jiwe lilionyesha karibu sehemu sita za ishirini, na likakwama hapo siku nzima. Baridi ilikuwa haiingii ndani. Ule mstari wangu uliolala kama reli, Baba, haukuwa siri ya kwanta. Spini hazikuacha kupunguza mwendo kwa hiari yao. Jiwe lilikuwa limeacha kupoa, na mimi nilikuwa nimetia sahihi liondoke.

Profesa amesema tunyamaze mpaka jarida lijibu, labda hakuna atakayeona. Nimemwambia nitawaandikia leo hii niiondoe makala. Kawsar hasemi nami, kwa sababu jina lake limo na mkataba wake unaisha Desemba. Nimeandika tayari na nimetuma.

Sasa mkaguzi wako. Mwambie hivi: mkono wa saa unaoonyesha masaa, ukiutazama dakika moja, utaapa umesimama. Kusema kitu kimetulia, lazima ukae nacho muda mrefu kuliko ule kinaouhitaji ili kisonge. Yeye alikaa dakika kumi. Wewe umekaa wiki nne. Kati yenu wawili, aliyepima ni wewe. Na usiangalie upana peke yake. Angalia ongezeko la kila wiki: likipungua, inatulia kweli. Likikua, haijatulia hata kidogo.

Ongezeko lako, nukta mbili wiki moja na nukta tatu iliyofuata, linakua. Nashukuru Mungu uko Komarock.

Nerima


Komarock,
9 Machi 2025

Neri, sasa?

Mimi si mtu wa barua, ni nyinyi wawili mmenizoesha. Nimejaribu kukupigia simu yako imezimwa, nadhani uko kwenye lile pango lenu la mtambo.

Nimeona ujumbe wako wa kunishukuru kwa kumkaribisha Baba. Neri, Baba hajalala hapa hata siku moja. Nilimwandalia chumba Januari, nikanunua na neti mpya. Alikuja, akaketi, akala, akatazama chumba, akasema ni kizuri. Halafu akasema ana mambo ya kumaliza Kware. Nilidhani wewe ndiye umemruhusu, kwa sababu aliniambia, "Nerima anajua."

Leo nilienda kumtoa kwa nguvu. Nikamkuta amepiga magoti kwenye ngazi, miwani puani, na kale kachuma kake ka kupimia. Huyo Ooko amemshikia tochi tu. Nikamwandikia kwenye daftari, herufi kubwa, "TWENDE." Akachukua kalamu, akaandika chini yake, "Bado." Basi. Unamjua.

Kioo kimepasuka, Neri. Nimekiona na macho yangu.

Lorine


Ujerumani,
10 Machi 2025

Baba,

Umenidanganya. Uliandika "Komarock" juu ya karatasi ukiwa umeketi juu ya huo ufa. Mimi nimeharibu jina langu hapa kwa sababu ulinifundisha kusema ukweli wa kipimo, na wewe huyo huyo unaniandikia uongo wa anwani!

Toka humo leo. Sitaandika kitu kingine.

Nerima


Kware,
14 Machi 2025

Mama,

Umesema kweli na sijitetei. Nilikudanganya. Nilijua nikikuambia ukweli utapanda ndege uje, uache jiwe lako katikati, na sikutaka hilo.

Lakini nisikilize. Ningeondoka Januari, ningekuwa salama. Basi? Nyumba themanini na nne zina watu. Pale orofa ya sita kuna Nekesa aliyejifungua mapacha mwezi uliopita. Nikiondoka naondoka na kalipa, na mkaguzi wa dakika kumi ndiye anabaki na neno la mwisho. Mtu aliyewahi kutia sahihi behewa bovu hawezi kushuka ngazi hizi akiwa na namba mfukoni akanyamaza. Nimezeeka, siwezi kubeba watu. Kupima naweza.

Namba ni hizi. Tarehe 16 Februari, mbili nukta saba. Tarehe 23, tatu nukta mbili. Tarehe 2 Machi, nne nukta moja. Tarehe 9, tano nukta sita, na kioo kikapasuka. Nilienda nazo Jumatano ofisini kwa wahusika wa usalama wa majengo. Kijana wa kaunta alikuwa na heshima, akasema wakubwa wake watataka kuona kitu wanachokielewa mara moja, si daftari la mwandiko wa mzee. Nami Jumapili baada ya ibada nimeitisha mkutano wa wapangaji.

Nakuomba, kama bado unataka kuniandikia: nichoree grafu. Karatasi moja. Na uniambie maneno yapi niseme na yapi nisiseme. Sitaki kuwatisha watu kwa kitu nisichokijua.

Baba yako


Ujerumani,
15 Machi 2025

Baba,

Grafu hii hapa, ukurasa wa pili. Ichapishe kubwa kadiri saiba wanavyoweza. Mstari wa kwanza ni upana. Wa pili, mwekundu, ni ongezeko la kila wiki: nukta tatu, nukta tano, nukta tisa, moja na nusu. Kila wiki ni karibu mara mbili ya iliyotangulia. Hata mtoto wa shule ataona unapanda.

Usiseme itaanguka kesho. Hujui, nami sijui. Usimtaje mwenye nyumba kwa ubaya, utaanzisha ugomvi na watu watasahau ukuta. Sema hivi tu: "Nimepima wiki nane. Haijatulia. Mwendo unaongezeka, na sijui utaishia wapi." Halafu nyamaza uwaache waitazame ile karatasi. Nimejifunza hapa kwamba mtu akiongeza chumvi kidogo tu, wanaotaka kukataa hushika ile chumvi na kutupa chakula chote.

Na umalizapo kusema, toka. Naomba. Siamuru tena, naomba.

Nerima


Komarock,
23 Machi 2025

Neri,

Kaa chini kwanza. Baba yuko sawa, yuko hapa kwangu, amelala kitandani na viatu. Watu wote wako sawa. Sasa nikuambie.

Jumapili iliyopita alisema yale maneno yako, yote, hakuongeza. Akainua ile karatasi. Nekesa akauliza kwa sauti, "Mzee, ungekuwa na mapacha wangu ungelala pale leo?" Hakusikia, Ooko akamwandikia. Baba akasoma, akamtazama, akatikisa kichwa. Nekesa akainuka akaenda kufunga vitu vyake. Wakafuata wengi. Jumatatu wahusika walikuja na vyombo vyao, wakapima nguzo za chini, na saa nane mchana wakapaka alama nyekundu mlangoni.

Hapo ndipo shida ilipoanza. Jumanne nyumba imesimama. Jumatano imesimama. Watu wamelala kanisani, kwa ndugu, wengine nje. Alhamisi wakaanza kurudi. Mwanaume mmoja alimtemea Baba mate kwenye shati. "Umetutoa kwetu kwa penseli yako!" Mimi nilitaka kumrukia. Baba alijifuta, akarudi kusimama langoni. Siku tatu, Neri, asubuhi mpaka giza, na lile shati. Anayetaka kuingia anamwonyesha karatasi. Hasukumi mtu, anaonyesha tu. Wengine waligeuka kwa kumwonea aibu.

Aliyebaki ndani ni Kiema. Alisema keateka hawezi kuacha ploti, yaani jengo analolitunza. Jana saa saba mchana Baba aliingia kabla sijamshika, akatoka amebeba godoro la Kiema kichwani, akavuka nalo barabara. Kiema akatoka mbio nyuma yake anapiga kelele, "Mzee, rudisha godoro langu!" Wakavutana nalo pale kwa muuza mboga. Watu wanacheka, mimi nalia.

Saa kumi kasorobo upande wa ngazi ulishuka. Sijui nikuelezeje. Haukuanguka kama kitu kinachoanguka, ulikaa chini. Halafu vumbi. Vumbi lilipotulia, Kiema alikuwa bado ameshika pembe moja ya godoro na Baba nyingine.

Lorine


Komarock,
30 Machi 2025

Mama,

Safari hii ni Komarock kweli. Lorine ametia sahihi pembeni kama shahidi, utaona.

Leo baada ya ibada tuliita majina, kwa sababu kulikuwa na uvumi kwamba mtu amebaki chini ya kifusi. Nilikuwa na orodha ya nyumba zote themanini na nne. Niliwaambia masikio yangu hayafai, wasiitike, kila familia inyooshe mkono. Nikasoma. Jina, mkono. Jina, mkono. Yule aliyenitemea mate alinyoosha mikono yote miwili. Ilichukua karibu saa nzima na hakuna jina lililokosa mkono.

Nilipofika mwisho nilishindwa kukunja karatasi. Kiema alinikunjia.

Sasa wacha yangu. Umeninyima habari zako mwezi mzima. Profesa alisemaje? Kawsar je? Na jiwe? Uliniambia makosa, hukuniambia kilichobaki. Usiniambie umeacha.

Baba


Ujerumani,
14 Juni 2025

Baba,

Sijaacha.

Nilinyamaza kwa sababu sikutaka kukuandikia jambo ambalo bado sijalipima. Profesa alinipa mpaka Juni, akasema baada ya hapo nibadilishe mada. Kwa wiki tatu nilifanya kazi peke yangu. Nilikata jiwe likawa jembamba kama ukucha, nikalibandika kati ya karatasi mbili za madini ya fedha ili baridi iingie pande zote. Wiki ya nne Kawsar alikuja na kiti chake, akaketi kando yangu. Akasema, "Nimesoma barua yako ya kuondoa makala. Hukulitaja jina langu kwenye kosa." Nikamwambia kosa lilikuwa langu. Akavaa glavu, tukaendelea.

Safari hii jiwe lilipoa lenyewe. Nikagundua spini zinaendelea kupunguza mwendo, mbali sana kuliko nilivyodhani. Pale nilipokuwa nimekwama zinageuka kwa dakika. Chini yake, saa. Chini zaidi, ukizisukuma upande mmoja, inapita siku na zaidi kabla hazijasahau. Ili kupata nukta moja kwenye grafu nilikaa siku sita. Nina nukta tano. Hakuna hata moja iliyosimama.

Mkutano ulikuwa jana. Nilianza na grafu ya zamani, nikasema, "Hii nilituma kwenye jarida, na si kweli," nikaeleza kwa nini. Mwenyekiti wa kikao akauliza kama nimekuja mbele yao kuwaambia tu kwamba nilikosea. Nikamjibu, "Hiyo ni nusu ya kwanza." Nikaweka zile nukta tano.

Waliuliza maswali mpaka muda wa chai ukapita. Mama mmoja mwenye mvi, ambaye vitabu vyake ndivyo nilivyosomea, alisimama mwisho. "Nukta tano hazitoshi kusema hazitasimama kabisa," akasema. Nikamwambia ni kweli, hazitoshi. "Sasa?" Nikasema, nukta ya sita itahitaji muda mrefu kuliko zote tano, na mtambo unatumiwa na watu wengi. Profesa alikuwa mstari wa pili. Sikumtazama. Alisema pale alipoketi, bila kusimama, "Atapewa mtambo."

Jumatatu tunaanza kupoza. Nimeomba siku arobaini.

Binti yako,
Nerima